Shajara ya mradi: kikomo cha mafaili kwenye seva ya mabasi, kutoka 1024 hadi 16384

Jumatatu, 3 Machi 2025

Simu ya kwanza imeingia saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, daku bado iko tumboni. Ni mzee mwenye mabasi matatu ya Dar kwenda Mwanza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Gari langu limetoka Mbezi saa kumi na moja, lakini kwenye ramani yenu bado limelala stendi. Nimempigia kondakta, anasema wameshapita Chalinze. Sasa nimwamini nani?"

Nimemwomba dakika tano. Zimekuwa saa moja na nusu, na kabla hazijaisha wamepiga wengine kumi na mmoja.

Niieleze seva kwanza. Ni ndogo: kori 4, kumbukumbu ya GB 8, Ubuntu 22.04. Kila basi au lori lina kifaa cha GPS chenye laini ya simu ndani yake. Kifaa kikiwaka kinafungua muunganisho wa TCP (njia ya mtandao inayobaki wazi) kwa programu yetu ya kupokea, tuliyoipa jina pokezi, na hakiuachi. Kila sekunde 30 kinaleta mahali kilipo, kasi na hali ya injini. Pokezi imeandikwa kwa Python, kwa asyncio, maktaba ya kuhudumia miunganisho mingi kwa wakati mmoja. Leo tuna vifaa 870 vilivyosajiliwa, na kuna mkataba mpya wa malori utakaoongeza 1,400 kabla ya Iddi.

Kwenye logi, yaani kumbukumbu za matukio ya programu, nimekuta mistari miwili inayopokezana, mamia kwa mamia:

```
socket.accept() out of system resource
OSError: [Errno 24] Too many open files
```

Mchakato umefungua mafaili mengi kuliko ulivyoruhusiwa. Mwenzangu aliyejiunga mwezi uliopita akauliza mafaili gani, maana pokezi haiandiki chochote kwenye diski isipokuwa logi. Swali zuri, na jibu lake ndilo kiini cha mradi huu wote. Katika ukoo wa Unix, karibu kila kitu ambacho mchakato unakishika hupewa namba: 0 ni ingizo, 1 ni tokeo, 2 ni makosa, halafu kila faili, kila bomba na kila soketi (ncha ya muunganisho wa mtandao) hufuata kwa namba yake. Namba hiyo tunaiita deskripta. Kwa pokezi, basi moja barabarani ni deskripta moja. Na kikomo chake, kikisomwa kwenye `/proc`, folda ambamo Linux huonyesha hali ya kila mchakato kwa namba yake (pokezi ni 2217), kilikuwa hiki:

```
$ cat /proc/2217/limits | grep open
Max open files    1024    524288    files
```

Namba ya kwanza ni kikomo laini, ndicho kinachouma. Ya pili ni kikomo kigumu, dari ambayo mchakato wa kawaida unaweza kujipandisha hadi hapo lakini si zaidi. Deskripta 0 hadi 1023 zote zilikuwa zimeshikwa, na basi la mzee lilibisha hodi kwenye nyumba iliyojaa.

Jambo lililonikera zaidi ni kwamba kule barabarani hakuna aliyeweza kujua. Kerneli, kiini cha Linux, hupokea salamu za TCP yenyewe na kumpanga mgeni kwenye foleni hata kama programu haijamwita ndani. Kifaa kikaona kimeunganishwa, taa yake ya kijani ikawaka, kikatuma data zake kwenye bafa (ghala la muda) ambayo hakuna mtu wa kuisoma.

Kuizima pokezi na kuiwasha tena saa ile kungeyakata hata mabasi yaliyokuwa yakionekana. Nikatumia amri inayobadilisha kikomo cha mchakato ulio hai, ambayo Linux inayo tangu kerneli 2.6.36:

```
sudo prlimit --pid 2217 --nofile=8192:524288
```

Asyncio ikikosa deskripta hupumzika sekunde moja kisha hujaribu tena kupokea wageni. Kwa hiyo sikuhitaji kugusa kitu kingine. Ndani ya sekunde chache ramani ilijaa, na basi la mzee likaruka kutoka Mbezi hadi karibu na Morogoro kwa mkupuo mmoja. Nimempigia, nimemwomba radhi.

Nimeandika pembeni jambo moja la kufuatilia: vifaa ni 870, lakini nilipohesabu soketi za vifaa ndani ya `/proc/2217/fd` nimepata 991. Hesabu hiyo haikubaliani.

Jumanne, 4 Machi

Prlimit ni dawa ya kutuliza maumivu. Pokezi ikizaliwa upya inarudi na 1024 yake. Mwenzangu amejitolea kuweka suluhisho la kudumu. Ameongeza mistari miwili kwenye `/etc/security/limits.conf`, kikomo laini na kigumu, vyote 65536. Ametoka, ameingia tena kwenye seva kwa SSH (njia ya kuingia kutoka mbali), amepiga `ulimit -n`, ikajibu 65536. Tumeshukuru, tumekwenda kufuturu.

Alhamisi, 6 Machi, saa saba usiku

Tumeiwasha pokezi upya kwa ajili ya toleo jipya. Nimeangalia `/proc` kwa mazoea tu, na 1024 imerudi pale pale.

Imetuchukua dakika arobaini kuelewa, na naandika hapa kwa kirefu kwa sababu najua si sisi tu tuliopita njia hii. Faili la limits.conf linasomwa na pam_limits, sehemu ya PAM, mfumo unaoshughulika na watu wanaoingia: SSH, su, kuingia kwenye skrini ya mashine. Huduma inayowashwa na systemd, msimamizi wa huduma za Linux, haiingii kwa mlango huo. Haijawahi kutaja jina wala nywila kwa mtu, inazaliwa na systemd moja kwa moja na kurithi vikomo vyake. Kipimo cha `ulimit -n` kilikuwa cha kweli kabisa, ila kilipima kikao cha mwenzangu, si pokezi. Tangu leo hatupimi kikomo mahali pengine popote isipokuwa `/proc/PID/limits` ya mchakato wenyewe.

(Katikati ya hayo tulijaribu pia `sudo ulimit -n 65536` na kuambiwa amri haipo. Ni kweli haipo kama programu: ulimit ni amri ya ndani ya sheli (programu inayopokea amri unazoandika), na ingekuwa programu ya kujitegemea isingeweza kubadilisha kitu chochote zaidi ya nafsi yake, kwa kuwa kikomo kinashuka kutoka mzazi kwenda kwa mtoto na hakipandi.)

Dawa halisi ni `sudo systemctl edit pokezi`, kisha:

```
[Service]
LimitNOFILE=65536:524288
```

Tumewasha upya, tumesoma `/proc`, 65536 ipo. Na kwa kuwa usiku ulikuwa umeenda na tulitaka tusirudi tena kwenye jambo hili, nimeweka na `DefaultLimitNOFILE` ileile ndani ya `/etc/systemd/system.conf`, ili kila huduma ipate, kisha tukaiwasha seva nzima upya. Hatua hiyo ya mwisho ilikuwa ya haraka mno. Maelezo yake yako chini, tarehe 12.

Jumamosi, 8 Machi

Leo hakuna dharura, nimekaa na swali la namba. Kwa nini 1024, na kwa nini 65536?

Vikomo vya namna hii viliingia kwenye Unix na 4.2BSD mwaka 1983. Kabla ya hapo Unix ya toleo la 7 ilimpa kila mchakato mafaili 20, basi. 1024 imeganda kwenye Linux kwa sababu ya mwito mkongwe wa kerneli unaoitwa select, unaoiambia programu ni deskripta ipi iliyo tayari kusomwa au kuandikwa. Programu inayoutumia huupa mwito huo orodha ya biti, biti moja kwa kila deskripta, na katika glibc, maktaba ya msingi ya C, orodha hiyo ina biti 1024 tu, zimefungwa ndani ya programu wakati wa kuijenga. Deskripta namba 1024 haina biti yake. Ukiiandika, unaandika kwenye kumbukumbu ya jirani. Ndiyo maana systemd 240, iliyotoka Desemba 2018, ilipandisha kikomo kigumu cha huduma hadi 524288 lakini ikaacha kile laini palepale 1024. Wazo lao ni kwamba programu inayojua haitumii select ijipandishe yenyewe. Naona wamefanya uungwana. Go hufanya hivyo yenyewe tangu toleo la 1.19, Python haifanyi.

Asyncio kwenye Linux inatumia epoll, mbadala wa select usio na dari hiyo, kwa hiyo pokezi iko salama. Imebaki namba. Wapo wanaoweka infinity (bila kikomo) na kusahau, na mimi nilitaka kufanya hivyo hadi nilipokumbuka kontena moja (programu iliyofungwa pamoja na mazingira yake) mwaka juzi kwenye mashine nyingine. Huko infinity iligeuka kuwa 1073741816, na programu moja ya zamani ndani yake, kabla ya kuzaa mtoto, ilikuwa ikipita namba moja moja kufunga kila deskripta inayoweza kuwepo. Kwa 1024 haionekani. Kwa bilioni moja, kori nzima iliwaka kwa dakika kadhaa kila mara, na tulidhani ni diski.

Kwa mfumo mzima hatuna wasiwasi:

```
$ cat /proc/sys/fs/file-nr
4832    0    9223372036854775807
```

Namba ya mwisho ni dari ya mashine yote, na systemd ya sasa imeipandisha hadi mwisho kabisa wa namba. Tungeigonga hiyo, kosa lingekuwa 23, si 24. Kumbukumbu nayo inatosha: soketi tulivu inakula kilobaiti chache, na maelfu kumi yake hayafiki robo ya GB.

Nimefanya hesabu hivi. Vifaa vyote baada ya mkataba ni 2,270. Basi likipotea mtandaoni na kurudi, muunganisho wa zamani unaweza kuwepo pamoja na mpya, kwa hiyo niseme mara mbili. Mwaka ujao tukikua mara mbili tena, ni 9,080. Ongeza hifadhidata na logi. 16384 inatosha na kubaki, na bado ni ndogo kiasi kwamba programu ikianza kuvuja tutajua ndani ya siku, si miezi. Kikomo ninakitaka kiwe uzio, siyo ukuta wala uwanja wazi. Nimebadilisha 65536 kuwa 16384 kwenye faili la systemd, na kwa prlimit kwenye mchakato ulio hai, bila kumkata mtu.

Jumatano, 12 Machi

Programu ya SMS imekufa saa nne asubuhi na ujumbe huu:

```
*** buffer overflow detected ***: terminated
```

Hii ni programu ya C tuliyoirithi, inayozungumza na modemu na kuwatumia wenye mabasi onyo la mwendo kasi. Imekufa na ujumbe 40 na ushei mkononi, zote zimepotea. Miongoni mwao yalikuwa maonyo matatu ya gari lililokuwa likishuka mlima kwa kasi isiyofaa. Nimewapigia wenyewe mmoja mmoja. Hili limenigusa kuliko ramani ya tarehe 3. Ramani ikichelewa mtu anakasirika, onyo likipotea mtu anaweza kuumia.

Nimefungua msimbo wake na kukuta select. Lakini select pekee haitoshi kuua, lazima deskripta ifike 1024, na programu hii inapaswa kuwa na deskripta nane au tisa tu. Nikarudi kwenye logi za miezi iliyopita na nikaona kwamba imekuwa ikifa kila baada ya siku tano au sita, kimyakimya, kwa kosa 24. Ilipokuwa ikigonga 1024 ilipata kosa, ikaandika foleni yake kwenye diski na kutoka, systemd ikaiwasha tena, na hakuna aliyejua. Ilikuwa inavuja siku zote, na kikomo kilikuwa kinaikinga. Mimi nikaja usiku wa tarehe 6 na kuondoa kinga hiyo kwa mashine nzima. Siku sita baadaye imevuka 1023, orodha ya select ikataka kugusa kumbukumbu isiyo yake, glibc ikaikata palepale bila kuipa nafasi ya kuhifadhi foleni.

Tulichofanya leo, kwa mpangilio wa uharaka: nimefuta DefaultLimitNOFILE na kurudisha 1024 kwa huduma zote isipokuwa zile tulizozichunguza. Halafu tumetafuta uvujaji. `ls -l` kwenye folda yake ya `/proc` imeonyesha haraka sana, baada ya saa moja tu kulikuwa na deskripta 11 zinazoelekea kwenye mafaili ya ujumbe yaliyokwisha kufutwa. Modemu ikijibu kwamba ina shughuli, programu inaruka kwenda kujaribu tena na inasahau `close`. Ni mstari mmoja. Mwenzangu ameuandika, na wakati yuko humo amebadilisha select kuwa poll, ambayo haijali ukubwa wa namba.

Sheria mpya ya mradi, nimeibandika juu ya shajara: kikomo kinapandishwa kwa huduma moja, baada ya kuusoma msimbo wake, na hakuna kupandisha kwa jumla.

Jumamosi, 15 Machi

Tangu tarehe 8 kuna kijiprogramu kinachohesabu deskripta za pokezi kila dakika. Leo nimechora grafu ya wiki. Inapanda. Usiku mabasi yakipungua inalala kidogo, lakini haishuki, na asubuhi inaendelea kupanda kutoka pale ilipolala. Vifaa vilivyosajiliwa ni 1,420, malori mapya yanaendelea kufungwa. Deskripta ni 4,380.

Hapa ndipo lile jambo la pembeni la 870 na 991 liliporudi. Kuhesabu kwa anwani ya IP hakusaidii, maana mitandao ya simu huwapitisha wateja wengi kwenye anwani moja. Nimehesabu kwa IMEI, namba ya kipekee ya kila kifaa cha simu, nayo imesema wazi: lori moja linalokwenda Tunduma lina miunganisho 17. Basi la Dodoma lina 4. Magari ya ndani ya Dar, moja moja.

Lori la Tunduma linapita hifadhi ya Mikumi, linapanda Kitonga, na katikati kuna vipande vingi visivyo na mtandao. Mtandao ukikatika, kifaa hakipati nafasi ya kuaga. Kikitoka upande wa pili kinafungua muunganisho mpya, na ule wa zamani unabaki upande wetu ukiwa umesimama vilevile. TCP iko hivyo kwa asili: pasipo mtu kutuma kitu, kimya cha kifaa kilichokufa na kimya cha kifaa kinachongoja havina tofauti. Pokezi haitumi kitu ila kujibu. Maiti haziulizi, basi hazijibiwi, zinakaa na deskripta zao hadi tutakapozima mashine.

Nilidhani kerneli ina kazi ya kupima uhai. Inayo, ila kwa programu iliyoiomba, na asyncio haiiombi kwa niaba yako. Hata ukiiomba, chaguo-msingi ni kusubiri sekunde 7200 kabla ya kugonga mara ya kwanza, kisha kugonga mara 9 kila baada ya sekunde 75. Jumla ni saa 2, dakika 11 na sekunde 15. Kwa lori linalopoteza mtandao kila nusu saa, huo ni muda wa kukusanya mizimu mitano kabla wa kwanza hajazikwa.

Kwa hiyo kile tulichokiita upungufu wa kikomo tarehe 3 kilikuwa nusu yake mizimu. Tungebaki na 1024 na kusafisha, tungesogea siku kadhaa zaidi. Tungepandisha hadi infinity bila kusafisha, pokezi ingekula kumbukumbu hadi kerneli iiue yenyewe, pengine katikati ya msimu wa Pasaka.

Alhamisi, 20 Machi

Siku nne za kazi halisi. Mambo matatu yameingia kwenye pokezi.

La kwanza: IMEI ikijitambulisha na tayari ina muunganisho, wa zamani unafungwa papo hapo. Hili peke yake limemaliza sehemu kubwa.

La pili: uhai unapimwa. Baada ya sekunde 120 za kimya kerneli inagonga, kila sekunde 30, mara 4. Asipojibu ndani ya dakika 4 jumla, muunganisho unafungwa. Mwenzangu aliuliza, na ni haki aulize, kama kugonga huku kunakula bando la wateja. Pakiti hizo ni ndogo sana na zinakwenda kwa aliyenyamaza tu. Lori linaloripoti kila sekunde 30 halipati hata moja.

La tatu lilitusumbua. Nilitaka pia pokezi imfunge kila asiyeripoti kwa dakika 5. Tulipojaribu kwenye vifaa vichache, malori yaliyoegeshwa yakaanza kuingia na kutoka usiku kucha. Injini ikizimwa, kifaa hulala na kuripoti kila nusu saa kwa betri yake ya ndani. Kumfunga ni kumlazimisha aamke, ajisajili upya kwenye mtandao wa simu, na kumaliza betri aliyokuwa akiitunza. Sasa mwenye injini inayowaka ana dakika 5, aliyelala ana dakika 40, na huyo aliyelala hatumgongei hodi kila mara.

Katika kusafisha tumeokota na soketi 212 zilizokwama kwenye hali ya CLOSE-WAIT. Hao si mizimu. Kifaa kimeaga vizuri na sisi ndio hatujafunga mlango. Sababu: pakiti yenye makosa ya CRC (kipimo cha usahihi wa data) ilirusha hitilafu, kazi ikafa, lakini kamusi yetu ya IMEI ilibaki imemshika mwandishi wa soketi. `finally` moja (sehemu ya msimbo inayotekelezwa hata hitilafu ikitokea) yenye `writer.close()` na kufuta jina kwenye kamusi imemaliza.

Jumamosi, 22 Machi

Nginx, kwa kifupi. Ramani za wateja zinakuja kwa websoketi (muunganisho wa kivinjari unaobaki wazi) kupitia nginx, seva yetu ya wavuti, na kila mteja anakula miunganisho miwili huko: wa kwake na wa kwenda nyuma. Usanidi unaokuja na Ubuntu una `worker_connections 768`, yaani watazamaji 384 kwa kila mfanyakazi (mchakato mmoja wa nginx). Tumeweka 4096, na `worker_rlimit_nofile 10240` ili kikomo cha mafaili kiwe juu ya miunganisho. Nginx inatumia epoll. Imepita.

Alhamisi, 27 Machi

Jaribio la mzigo, kabla ya msongamano wa Iddi. Mashine ya pili, programu ndogo inayojifanya vifaa 5,000, ikielekezwa kwenye nakala ya pokezi isiyo na magari halisi. Ilikwama kwenye 1,000 na kitu, na kwa dakika kumi moyo ulinidunda nikidhani pokezi imegoma. Kumbe ni mashine ya majaribio yenyewe, nayo ina 1024 yake. Anayepiga simu naye anahitaji deskripta.

Tulipoipandisha, 5,000 zote zimeingia. Pokezi imesimama kwenye 5,031, kumbukumbu imepanda kwa MB 300 na kidogo, sehemu kubwa ikiwa ni vitu vya Python vyenyewe na si soketi. Kisha tumechomoa waya wa mashine ya majaribio bila kuaga, kama inavyotokea Kitonga. Dakika ya nne, deskripta zimeanza kuanguka. Dakika ya tano zimerudi 31. Mwenzangu amepiga makofi, na mimi nimepiga pamoja naye.

Kwa atakayetaka kwenda juu zaidi kutoka mashine moja: Linux ina milango (namba za mtandao, port) 32768 hadi 60999 ya kutokea, yaani 28,232 kuelekea anwani na mlango mmoja. Utaigonga hiyo kabla ya 65536.

Jumapili, 30 Machi

Watu wanakwenda makwao kula sikukuu. Mabasi ya ziada yametoka tangu alfajiri ya Ijumaa. Vifaa vilivyosajiliwa 2,104. Deskripta kwa wakati mmoja, kilele cha siku tatu: 1,968, saa moja na nusu asubuhi jana. Lori la Tunduma lina muunganisho mmoja.

Kengele iko tayari: Prometheus, programu ya kufuatilia vipimo, inasoma `process_open_fds` na `process_max_fds` za kila huduma, ikifika asilimia 60 tunapigiwa, mchana au usiku. Na kengele ya pili, ambayo naithamini zaidi: deskripta zikizidi IMEI zilizo hai kwa asilimia 20 kwa nusu saa, tunapigiwa pia, hata kama kikomo kiko mbali.

Jumanne, 22 Aprili

Pasaka imepita. Kengele ya kwanza haijalia. Ya pili imelia mara moja, usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa Kuu: kifaa kimoja kilichofungwa vibaya kilikuwa kikifungua muunganisho kila sekunde mbili bila kujitambulisha, na kwa kuwa hakutaja IMEI, ile sheria ya kufunga wa zamani haikumpata. Sasa asiyejitambulisha ndani ya sekunde 15 anatolewa.

Programu ya SMS ina siku 41 bila kufa. Deskripta zake ni 9.

Mzee wa mabasi ya Mwanza amepiga asubuhi. Ameongeza gari la nne, anataka lionekane kwenye ramani kabla halijatoka Mbezi kesho saa kumi na moja. Nimelisajili saa tano, nalo linaripoti kutoka gereji, Ubungo, injini imezimwa, kila nusu saa.